Dawa ya fangasi ukiwa kwenye dawa za sonona: ipi umeze, ipi uikwepe

Jioni moja ya siku ya soko hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mama mmoja muuza mukene, wale dagaa wetu, aliingia famasi akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili kabla hata ya salamu. "Musawo (daktari), nchi inazunguka," akasema. "Mate hayapo mdomoni, na hapa panapiga ngoma." Akaweka kiganja chini ya koo.

Nilimkalisha kwenye benchi nikamuuliza anameza nini. Huku kwetu mgonjwa wa nje hubeba historia yake kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Alitoa moja mkobani: utando mweupe mdomoni, maumivu akimeza, dawa ya fangasi flukonazoli miligramu 200 kila siku kwa siku 14. Alikuwa siku ya sita. Nikamuuliza kama lipo jingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lipo nyumbani, "lile la mambo ya kichwa." Binti yake akapanda boda kulifuata. Humo nikakuta dawa ya sonona, amitriptilini miligramu 75 kila usiku, mwezi wa nane mfululizo, tangu alipofiwa na mume akashindwa kulala na kula.

Kliniki mbili tofauti, na kila moja iliusoma ugonjwa wake sawasawa. Ila madaftari hayo hayakuwahi kufunguliwa kwenye meza moja, na mama hakulitaja la pili kwa sababu alilionea haya. Wako wengi kama yeye, ndiyo maana naandika.

Nitaziweka dawa za fangasi ubavuni mwa dawa za sonona zinazoandikwa huku kwetu, moja baada ya nyingine. Msimamo wangu nausema mapema: dawa hizi zikigombana, ya kutafutiwa mbadala kwanza ni ile ya fangasi. Fangasi nyingi zina njia tatu nne za kutibiwa. Mtu aliyeteseka miezi hadi akapata dawa ya sonona inayomfaa asiipoteze kwa ajili ya vidole vinavyowasha. Ipo hali moja ambamo mambo hugeuka, na hiyo nitaifikia.

Foleni kwenye ini

Dawa nyingi unazomeza hupitia ini, zivunjwe ndipo zitolewe. Ini lina vimeng'enya, na mimi naviona kama mageti ya hapa mpakani. Mnakumbuka Januari 2022, malori yalivyolala barabarani kilomita kwa kilomita upande wa Kenya kwa sababu ya vipimo vya korona. Malori hayakuwa yameongezeka. Geti ndilo lililobanwa. Na dawa ni hivyo hivyo. Mama yule hakuongeza hata nusu kidonge cha amitriptilini, lakini kiwango chake kilipanda damuni usiku baada ya usiku kwa sababu dawa nyingine ilikuwa imesimama getini.

Mageti yanayotuhusu ni matatu. CYP2C19 ndilo linalopitisha sitalopramu, esitalopramu na sehemu kubwa ya amitriptilini. CYP2D6 linapitisha dawa za jamii ya amitriptilini na imipramini, pamoja na paroksetini na venlafaksini. CYP3A4 ni geti pana la dawa nyingi sana, mirtazapini na trazodoni zikiwamo.

Upo ubaya wa pili usiotegemea ini. Flukonazoli yenyewe inaweza kuchelewesha moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, utaona nafasi inayoitwa QT imerefuka. Sitalopramu hufanya hivyo, na amitriptilini pia. Zikikutana mbili, moyo unaweza kupoteza mdundo wake, mtu akaanguka ghafla. Halitokei kila siku. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye potasiamu iliyoshuka kwa kuhara au kutapika, au mzee wa miaka 70, sikubali kubahatisha.

Kabla ya kidonge: je, lazima umeze?

Swali hili humaliza kesi nyingi pale pale kwenye kaunta.

Choa ya mkononi au shingoni, na fangasi za katikati ya vidole kwa watu wanaoshinda ndani ya buti, hutibiwa kwa kupaka. Krimu ya klotrimazoli, krimu ya terbinafini, au marhamu ya Whitfield ambayo ni rahisi kwa bei na inafanya kazi. Kinachoingia damuni kupitia ngozi ni kidogo mno, hakifiki kwenye mageti ya ini kwa kiasi cha kusumbua. Ukiwa kwenye dawa yoyote ya sonona, paka bila hofu, na uendelee kupaka hata baada ya muwasho kuisha, kwa sababu wengi huacha siku ya tano na fangasi inarudi.

Kwa fangasi ya ukeni mambo yanahitaji kupimwa zaidi. Kuna kidonge kimoja cha flukonazoli miligramu 150, unameza mara moja basi. Na kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, miligramu 100 kila usiku kwa siku 6. Najua kina mama wengi wanachagua nini na sababu zao nazielewa: nyumba ni chumba kimoja, watoto wamelala pembeni, na cha kumeza hakichafui nguo. Mwanamke anayetumia sertralini miligramu 50, mwenye moyo mzima, nampa kidonge kile kimoja na nalala usingizi. Anayetumia sitalopramu kwa dozi kubwa, au amitriptilini ya kutibu sonona yenyewe, namwomba avumilie usiku sita. Mjamzito pia namwelekeza kwenye vya kuweka ukeni, awe na dawa ya sonona au asiwe nayo.

Utando mweupe wa mdomoni ukiwa juu ya ulimi na mashavuni tu, nistatini ya maji inatosha: sukutua mara nne kwa siku baada ya kula, ishike mdomoni kadiri unavyoweza, kisha meza. Nistatini karibu haiingii kabisa kwenye damu, kwa hiyo haina ugomvi na dawa yoyote ya sonona. Jeli ya mikonazoli ya mdomoni ni tofauti. Watu huiona kama ya kupaka, kumbe inamezwa, na mikonazoli ni ndugu wa flukonazoli, inabana mageti. Na maumivu ya kumeza yakishuka hadi kifuani, ujue fangasi iko kwenye umio. Hapo nistatini haitoshi, flukonazoli inahitajika, na ndipo alipokuwa mama wa mukene.

Flukonazoli na terbinafini, uso kwa uso

Vidonge hivi viwili ndivyo vinavyoulizwa zaidi, na watu huvichukulia kama kitu kimoja chenye majina mawili. Flukonazoli hubana CYP2C19 kwa nguvu, na CYP3A4 kwa kiasi. Terbinafini mageti hayo haiyagusi sana, ila CYP2D6 inalifunga kwa kufuli. Kwa hiyo huwezi kuuliza ipi ni salama bila kwanza kusema uko kwenye dawa gani ya sonona.

Ukiwa kwenye *amitriptilini*, zote mbili zina shida, lakini terbinafini naiogopa zaidi. Sababu ni muda. Flukonazoli hupungua nusu mwilini kwa kama saa 30, na uzito wake kwenye mageti huisha siku nne hadi tano baada ya kidonge cha mwisho. Terbinafini hujificha kwenye ngozi, kucha na mafuta ya mwili. Ukishaacha, geti linaweza kubaki limebanwa kwa wiki, hata miezi. Na yenyewe haimezwi siku moja. Kucha za mikono ni wiki 6, za miguu ni wiki 12, miligramu 250 kila siku. Yaani unajifungia geti miezi mitatu na zaidi kwa ajili ya kucha. Wagonjwa waliochanganya terbinafini na dawa za jamii hii wameripotiwa wakipata sumu ya dawa zao za usiku: kuyumba, kuchanganyikiwa, mdomo mkavu, mkojo kugoma kutoka.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu wengi wanaomeza amitriptilini Uganda hawajui kama ni dawa ya sonona. Wameandikiwa miligramu 10 au 25 kwa miguu inayowaka moto, kwa kipandauso, kwa maumivu ya kisukari au ya virusi vya UKIMWI. Ukimuuliza, "Unatumia dawa za sonona?" atakujibu hapana, na anasema kweli yake. Muulize, "Kuna kidonge unachomeza usiku kinachokuletea usingizi na kukausha mdomo?" Utashangaa wangapi wanaitikia. Imipramini nayo hupewa watoto wanaokojoa kitandani, na mtoto huyo huyo anaweza kuja na mapunye kichwani. Kwa dozi hizo ndogo hatari hupungua sana, na kidonge kimoja cha flukonazoli kwa mtu mwenye afya hakinisumbui. Siku 14 mfululizo na amitriptilini miligramu 75 ndiyo habari nyingine.

Ukiwa kwenye *sitalopramu* au *esitalopramu*, mizani inageuka. Zote mbili zinategemea CYP2C19, geti lile lile linalobanwa na flukonazoli, na zote mbili hurefusha QT. Ni ugomvi wa pande mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba mtu anayetumia dawa inayobana CYP2C19 asivuke miligramu 20 za sitalopramu kwa siku. Anayemeza 40 akaandikiwa flukonazoli ya wiki mbili, huyo daktari wake lazima ajue kabla ya kidonge cha kwanza. Terbinafini kwa mtu huyu ni jirani mwema zaidi, kwa sababu sitalopramu haitegemei sana CYP2D6. Kwa hiyo kama ni fangasi ya kucha na dawa yako ni sitalopramu, terbinafini ndiyo ningeiunga mkono. Angalizo ni moja: terbinafini inaweza kupoteza ladha ya chakula kwa wiki nyingi, na wako watu waliopata huzuni wakiitumia. Kwa mtu anayejitahidi kula na kurudisha hamu ya maisha, hilo si dogo. Aambiwe mapema, ili likitokea asidhani sonona imerudi kumkomoa.

*Fluoksetini* ina tabia yake. Yenyewe hubana CYP2D6, kwa hiyo terbinafini inakuta geti limeshafungwa na haiongezi mengi hapo. Flukonazoli inaweza kuipandisha kiasi, na dalili za kuangalia ni mikono kutetemeka, jasho, kuhara, kukosa utulivu. Lakini nataka niseme jambo ambalo nimelirudia kaunta hii hadi koo likauka. Watu huacha fluoksetini siku mbili tatu "ili nimeze dawa ya fangasi kwanza." Haisaidii chochote. Fluoksetini na kile inachogeuka mwilini hukaa wiki kadhaa. Siku tatu za kuacha hazilipunguzi lile unalolikwepa. Umejinyima dawa bure. Na kama fluoksetini na amitriptilini ziko kwenye daftari moja, kama ilivyo kwa wengi wenye sonona na maumivu pamoja, fahamu kwamba fluoksetini imeshaipandisha amitriptilini kabla dawa ya fangasi haijafika. Ya tatu ikiingia, foleni inakuwa ya malori matatu.

*Sertralini* ndiyo inayonipa amani kuliko zote. Ina njia nyingi za kutokea: geti moja likifungwa inapita kwingine. Flukonazoli inaweza kuiinua kidogo, lakini kwa dozi za kawaida mara nyingi mtu hahisi tofauti. Mtu ambaye anajua atahitaji dawa za fangasi kwa muda mrefu, na ndiyo kwanza anaanzishiwa dawa ya sonona, ana haki ya kumuuliza daktari: "Inawezekana iwe sertralini?"

Venlafaksini na paroksetini hazionekani sana madukani kwetu. Ukiwa nazo, terbinafini ya kumeza ndiyo ya kukwepa.

Zilizobaki rafuni

Vidonge vya ketokonazoli sivipendekezi kwa mtu yeyote mwenye fangasi ya ngozi au kucha, awe na sonona au asiwe nayo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitishwe na Marekani ikavibana vikali, kwa sababu ya ini kuharibika. Juu ya hapo hulifunga CYP3A4 karibu lote. Mtu wa mirtazapini akichanganya nacho, dawa yake hupanda damuni kwa takriban nusu. Shampuu na krimu ya ketokonazoli hazina tatizo hilo, tumia.

Itrakonazoli inafunga geti hilo hilo. Sertralini haisumbuki nayo sana, mirtazapini na trazodoni zinasumbuka. Mwenye moyo dhaifu asiimeze.

Griseofulvini ni dawa ya zamani ambayo watu wanaidharau, na mimi nataka kuitetea. Haibani mageti, kama ina lolote inayaharakisha kidogo. Kwa mapunye ya watoto na choa iliyosambaa mwili mzima, ukiwa kwenye amitriptilini au sitalopramu, hii ndiyo ya kumeza yenye ugomvi mdogo kuliko zote. Imezwe na chakula chenye mafuta, karanga za kusaga zinatosha. Ila kuna bei yake: inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, haifai kwa mjamzito, na ukiimeza ukanywa waragi uso utawaka na moyo utaenda mbio. Kwa utando wa mdomoni na fangasi ya ukeni haifanyi kazi kabisa, usiruhusu mtu akuuzie kwa ajili hiyo.

Pale ambapo huchagui dawa ya fangasi

Nilisema ipo hali inayogeuza mambo. Ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi iitwayo kriptokokasi, inayowapata zaidi watu ambao virusi vya UKIMWI vimeshadhoofisha kinga yao. Hapo hakuna krimu wala kungoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka amfoterisini B ya liposomu dozi moja kubwa, pamoja na flusitosini na flukonazoli miligramu 1200 kila siku kwa wiki mbili. Kisha flukonazoli 800 kwa wiki nane. Kisha 200 kila siku kwa mwaka au zaidi, mpaka kinga irudi. Linganisha na kile kidonge kimoja cha 150. Geti la CYP2C19 linabanwa kwa mwaka mzima.

Kwa mgonjwa huyu dawa ya fangasi haiguswi. Kinachobadilishwa ni dawa ya sonona: daktari ataiacha sitalopramu, atashusha amitriptilini, au atahamia sertralini. Na amfoterisini hukausha potasiamu na magnesiamu mwilini, jambo linaloufanya moyo uwe mwepesi kukosea mdundo. Familia inayomuuguza wodini iseme dawa zote za nyumbani siku ya kwanza, hata ile ya usingizi aliyokuwa anapewa kijijini.

Sertralini ina historia na ugonjwa huu hapa hapa Uganda. Maabara zilionyesha kwamba dawa hii ya sonona inaweza kuua kriptokokasi. Madaktari wa Kampala na Mbarara wakaijaribu kwa wagonjwa 460 kati ya mwaka 2015 na 2017, nusu wakipewa sertralini juu ya matibabu ya kawaida, nusu kidonge kisicho na dawa. Haikuokoa maisha: kufikia wiki ya 18 walikuwa wamefariki asilimia 52 ya waliopewa sertralini na asilimia 46 ya wengine, na jaribio lilikuwa limeshasitishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kufika. Nalieleza hili kwa sababu bado nasikia watu wakisema sertralini inatibu "fangasi ya ubongo." Haitibu. Kazi yake ni sonona, na hiyo inaifanya vizuri.

Kuacha dawa ya sonona ili kupisha

Hapana, si kwa uamuzi wako peke yako. Amitriptilini ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, jasho na usiku wa macho makavu. Sertralini na wenzake huleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Na sonona yenyewe ikirudi inaweza kurudi na mawazo ya kujiua. Kupunguza dozi kwa muda ni jambo jingine, na hilo ndilo daktari wa hospitali alilomfanyia mama wa mukene. Alimpima ECG, akashusha amitriptilini hadi miligramu 25, akamwacha amalize siku zake 14 za flukonazoli.

Kama sonona yako ni nyepesi na unafikiria njia isiyo na kidonge, ipo, na ushahidi wake ulitoka kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka vijiji vya Rakai na Masaka ulionyesha kwamba watu wanaokutana kwa vikundi kila wiki, wakiongozwa na mtu aliyefundishwa, hupona sonona kwa kiwango kikubwa kuliko wasiokutana. Mazungumzo hayapiti kwenye ini. Lakini anza nayo ukiwa bado kwenye dawa, usibadilishane ghafla.

Malaria isisahaulike

Nchi yetu ni ya malaria, na dawa ya tatu inaweza kuingia wakati wowote. Dawa ya artemetha na lumefantrini, ile ya boksi tunayoijua wote, nayo huhesabiwa miongoni mwa dawa zinazoweza kurefusha QT, na maelezo yake yanaonya kuhusu amitriptilini na imipramini. Kwinini ni nzito zaidi. Ukiwa tayari na flukonazoli na amitriptilini halafu homa ikakushika, pima damu kwanza. Usimeze dawa ya malaria kwa kuhisi tu. Kipimo kikithibitisha, malaria itibiwe, haingoji, lakini mwambie anayekutibu ili achague dawa na kukuangalia.

Ukiwa umeshazimeza zote mbili

Usijitapishe wala usiingiwe na hofu ya kufa. Mdomo mkavu na usingizi mzito kidogo vinaweza kungoja asubuhi, lakini usimeze dozi inayofuata kabla hujaongea na mhudumu wa afya. Vifuatavyo havingoji: kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka, degedege, mkojo kukataa kutoka, kuchanganyikiwa, au kutetemeka kunakoandamana na jasho, homa na misuli kukakamaa. Nenda hospitali yenye kipimo cha ECG usiku huo huo, na ubebe maboksi yenyewe, sio kusimulia rangi ya vidonge. Baadaye mwombe mhudumu apeleke taarifa kwa Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA. Wanapokea ripoti za madhara.

Na dawa ya fangasi ikiisha, dozi ya sonona iliyoshushwa haipandishwi siku hiyo hiyo. Baada ya flukonazoli ngoja walau siku tano; mama wa mukene tulimhesabia saba. Baada ya terbinafini hesabu ni ya wiki, na daktari ndiye atakayeisema. Tarehe ya kupandisha iandikwe, na iandikwe kwenye madaftari yote mawili.